Mafuta Yanayoonyesha Seli Njia



Leo naomba tuache kidogo habari za kazi na mishahara. Tuongee juu ya kitu kidogo sana kinachotembea ndani ya kila mmoja wetu, hata sasa hivi unaposoma mistari hii.

Kila mara tunapochora seli ubaoni, tunachora duara. Katikati tunaweka kiini, pembeni tunapiga mshale na kuandika « utando », basi, tunaenda kwa somo lingine. Picha hiyo iko karibu katika kila silabusi. Si ya uongo, lakini inaficha jambo moja kubwa: seli nyingi hazikai mahali pamoja. Zinatembea. Chembe nyeupe ya damu inaweza kwenda mikromita 10 mpaka 20 kwa dakika, karibu urefu wa mwili wake mzima. Ukijikata na kisu unapomenya muhogo, baada ya muda kidogo chembe hizo zinatoka ndani ya mishipa, zinapita katikati ya nyama, zinafika pale kwenye kidonda. Hazina macho. Hazina miguu. Hakuna aliyeziita kwa jina. Lakini zinafika.

Swali ni hili: nani anaziambia pa kwenda, na zinatembea na nini?

Jibu lilichukua zaidi ya miaka mia moja. Mimi nimesoma biolojia, na katika yote niliyosoma, hii njo historia inayonipendeza zaidi, juu inaonyesha jinsi wataalamu wa njia mbili walivyotembea miaka mingi bila kujua kama wanaelekea mahali pamoja. Wamoja walikuwa wanachunguza mafuta. Wengine walikuwa wanachunguza nyuzi. Mafuta yalionekana kuwa ukuta tu, na nyuzi zikaonekana kuwa mambo ya misuli tu. Kumbe mafuta yalikuwa yanaongea, na nyuzi zilikuwa zinajibu.

MWIBA WA MESSINA

Tuanzie Messina, mji wa bandari katika kisiwa cha Sicily, Italia, mwaka 1882. Elie Metchnikoff, mtaalamu wa wanyama aliyezaliwa sehemu ambayo leo ni Ukraine, alibaki peke yake na mikroskopu yake, familia yake ikiwa imeenda kutazama sarakasi. Alikuwa anachunguza watoto wa mnyama wa bahari tunayemwita kwa Kifaransa « nyota ya bahari ». Watoto hao ni angavu kama kioo, unaona seli zikitembea ndani yao bila kuwapasua.

Metchnikoff akapata wazo: kama seli hizo ni walinzi, basi nikimchoma mnyama na mwiba, zitaukimbilia. Akachuma miiba bustanini, akaichomeka chini ya ngozi ya wale wanyama. Asubuhi iliyofuata, seli zilikuwa zimeuzunguka mwiba pande zote. Kazi hiyo ilimletea tuzo ya Nobel mwaka 1908, pamoja na Paul Ehrlich wa Ujerumani.

Lakini mwiba ule uliacha maswali mawili bila jibu. Seli zilijuaje upande ambao mwiba uko? Na zilitumia nini kusogea? Swali la kwanza lingekuja kujibiwa na watu wa mafuta. La pili, na watu wa nyuzi.

WATU WA MAFUTA

Katika miaka ya 1890, Ernest Overton alikuwa Zürich, Uswisi, akipima ni vitu gani vinaingia kwa urahisi ndani ya seli. Aliona kwamba vitu vinavyoyeyuka katika mafuta vinapita kwa haraka kuliko vile vinavyoyeyuka katika maji. Akasema: basi ngozi ya seli lazima iwe na asili ya mafuta.

Mwaka 1925, kule Leiden, Uholanzi, daktari wa watoto Evert Gorter na msaidizi wake François Grendel walifanya jaribio ambalo mimi nalipenda sana kwa urahisi wake. Walichukua chembe nyekundu za damu, wakatoa mafuta yote kwa asetoni, wakayatandaza juu ya maji mpaka yakawa tabaka moja jembamba kabisa, halafu wakapima eneo lake. Lilikuwa mara mbili ya eneo la chembe zenyewe. Maana yake: utando wa seli una tabaka mbili za mafuta, migongo imeelekeana, vichwa vinatazama maji.

Jambo la kuchekesha ni kwamba hesabu yao ilikuwa na kasoro mbili. Asetoni haikutoa mafuta yote, na tena walikadiria eneo la chembe kuwa dogo kuliko lilivyo. Kasoro moja ikafuta ingine, jibu likatoka sawa! Tabaka mbili njo tunazofundisha mpaka leo.

Lakini tazameni matokeo ya picha hiyo. Mafuta yakawa ukuta. Ukuta unazuia, hausemi kitu. Kwa muda mrefu, mwenye kutaka kujua seli inafikiri nini alichunguza protini. Mafuta aliyatupa pamoja na maji ya kuoshea vyombo vya labo.

WATU WA NYUZI

Upande wa pili, twende Szeged, Hungaria, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Albert Szent-Györgyi, aliyekuwa ameshapata Nobel mwaka 1937, alikuwa na kikundi kidogo kinachochunguza misuli ya sungura. Ilona Banga aliona kwamba maji ya protini ya misuli, yakiachwa usiku kucha, yanakuwa mazito, lakini ukiongeza ATP yanarudia kuwa mepesi. Kuko kitu kingine ndani yake. Brunó Straub akakitenga kitu hicho mwaka 1942, kikaitwa aktini.

Hungaria ilikuwa upande wa Ujerumani katika vita. Matokeo yao yalichapishwa katika vitabu vya taasisi yao wenyewe, kule Szeged, na dunia kubwa haikuyasoma mpaka vita vilipokwisha. Mimi nikisoma habari hiyo huwa nasimama kidogo. Mtu anaweza kufanya kazi kubwa wakati mji wake uko katikati ya vita, na wenzake wa nchi za mbali wasijue hata jina lake. Sisi wa mashariki ya Kongo hatuhitaji kuelezwa sana jambo hilo.

Aktini ni protini ndogo, ya mviringo. Peke yake haifanyi kitu. Lakini zikiungana moja juu ya ingine zinakuwa uzi wenye unene wa nanomita 7 hivi, na uzi huo unarefuka upande mmoja na kupukutika upande mwingine. Kwa miaka mingi watu walidhani ni mali ya misuli tu. Kisha, mwaka 1966, Sadashi Hatano na Fumio Oosawa wa Japani walitoa aktini katika Physarum, ile ute wa njano unaotambaa juu ya miti iliyooza msituni. Ute hauna misuli! Mwaka 1969 Harunori Ishikawa na wenzake wakaonyesha nyuzi hizo hizo katika aina nyingi za seli za wanyama. Ikawa wazi: aktini iko karibu kila mahali. Na neno lilikuwa lipo tayari likingoja: mtaalamu wa viinitete Paul Wintrebert, Mfaransa, alikuwa ametumia « sitoskeleti », yaani mifupa ya seli, toka mwaka 1931.

Mimi naona jina hilo lilisaidia na tena lilipoteza watu. Mfupa unakaa miaka. Uzi wa aktini unaweza kujengwa na kubomolewa kwa sekunde chache. Afadhali tuufikirie kama jukwaa la miti ambalo mafundi wanalifunga mbele na kulifungua nyuma, huku nyumba yenyewe inasogea.

Michael Abercrombie, Mwingereza, njo aliyeangalia mwendo huo kwa uvumilivu kuliko wengi. Alipiga filamu za seli zinazotembea juu ya kioo, akapima picha kwa picha. Kufikia miaka ya 1970 yeye na wenzake walikuwa wameeleza jinsi seli inavyotoa mbele yake upindo mwembamba, kama upindo wa kitenge unaopeperushwa na upepo, unashika kioo, kisha mwili unavutwa nyuma yake. Upindo huo unaitwa lamelipodia, na umejaa aktini. Swali la pili la Messina lilikuwa limepata jibu lake: seli inatembea kwa kujenga nyuzi mbele.

Lakini mbele ni wapi? Hapo tunarudia kwa watu wa mafuta.

MAFUTA YANAANZA KUONGEA

Mwaka 1953, mke na mume, Mabel na Lowell Hokin, walikata vipande vya kongosho la njiwa, wakaviweka katika maji yenye fosforasi 32, ile yenye mionzi ambayo unaweza kuifuata popote inapoenda. Kisha wakaongeza asetilikolini, dawa ambayo mishipa ya fahamu hutumia kupeleka habari. Wakaona fosforasi ikiingia kwa kasi ndani ya mafuta ya seli.

Fikirieni vizuri. Kama mafuta ni ukuta tu, juu ya nini ukuta ubadilike kila habari inapofika mlangoni? Wengi hawakujua wafanye nini na matokeo hayo. Ilichukua zaidi ya miaka 20 mpaka Robert Michell wa Birmingham, mwaka 1975, alipoandika wazi kwamba kuvunjika kwa mafuta hayo njo sehemu ya njia ya habari, na mpaka mwaka 1983 kikundi cha Irene Schulz na Michael Berridge kilipoonyesha kwamba kipande kinachotoka katika mafuta hayo kinafungua ghala za kalisi ndani ya seli.

Mafuta yenyewe ni ya aina gani? Ni fosfolipidi yenye mikia miwili iliyozama ndani ya utando, na kichwa kinachoitwa inositoli kinachotazama ndani ya seli. Kichwa hicho ni pete ya kaboni sita. Katika kaboni ya 3, ya 4 na ya 5, enzimi zinaweza kutundika fosfati ama kuziondoa. Ukitundika kwenye 4 na 5, unapata PIP2. Ukiongeza ya 3, unapata PIP3. Chukueni mfano wa mtu anayetundika vitambaa mbele ya nyumba yake: kitambaa kimoja maana yake kuna msiba, viwili kuna arusi. Nyumba haikubadilika, lakini kila anayepita njiani anajua aingie ama asiingie. Protini ndani ya seli njo wapita njia hao.

Mwaka 1985, kule Stockholm, Ingrid Lassing na Uno Lindberg wakaunganisha njia mbili. Ndani ya seli, aktini nyingi inashikwa na protini ndogo inayoitwa profilini, ili isijenge uzi ovyo. Wao walionyesha, katika vyombo vya labo, kwamba PIP2 inaikamata profilini na kuifanya iachilie aktini. Miaka miwili kisha, Paul Janmey na Thomas Stossel wa Boston wakaona PIP2 inazuia jelsolini, protini inayokata nyuzi za aktini. Unaona? Mafuta ya utando yanasema « jenga », na tena yanasema « usikate ». Watu wa mafuta na watu wa nyuzi sasa walikuwa wanakaa meza moja.

MAFUNDI WA KATIKATI

Hata hivyo kati ya agizo na kazi kuko mafundi. Mwaka 1992, London, Anne Ridley na Alan Hall waliingiza ndani ya seli, kwa sindano nyembamba, protini mbili ndogo. Rac ilifanya seli itoe ule upindo wa Abercrombie. Rho ilifanya seli ijaze kamba nene za kuvutia. Mwaka 1995 ikafuata Cdc42, inayotoa vidole vyembamba vya kupapasa mbele. Tatu hizi ni kama swichi: zinawashwa, zinazimwa.

Mwaka 1994 kikundi cha Thomas Pollard, Laura Machesky akiwa mwandishi wa kwanza, kilitoa katika ameba fulani mkusanyiko wa protini saba unaoitwa Arp2/3. Kazi yake ilikuja kujulikana vizuri mwaka 1998: unakaa juu ya uzi wa aktini na kuanzisha tawi jipya, kwa pembe ya digri 70 hivi. Tawi linazaa tawi, kichaka kinajaa chini ya utando, na kichaka hicho kinapokua njo kinasukuma seli mbele.

Nani anauamsha Arp2/3? Mwaka 1999 kikundi cha Marc Kirschner kilitoa jibu ambalo linanifurahisha kila nikilifundisha. Kuko protini inaitwa N-WASP, ambayo kwa kawaida imejikunja na kulala. Ili iamke vizuri inataka funguo mbili kwa wakati mmoja: Cdc42, na PIP2. Maana yake, seli haijengi nyuzi popote. Inajenga pale ambapo swichi imewashwa NA mafuta yako sawa. Ni kama akaunti ya benki yenye saini mbili: saini moja peke yake haitoi hata franga.

DIRA NA WALIOIPIMA UPYA

Mwaka 1933, Kenneth Raper, Mmarekani, alichukua majani yaliyooza katika msitu wa milima ya North Carolina, akapata humo ameba mpya, Dictyostelium discoideum. Ameba hii inaishi peke yake chakula kikiwepo. Njaa ikiingia, maelfu yao wanaitana na kukusanyika kuwa kitu kimoja. Mwaka 1967 John Bonner, Theo Konijn na wenzao walitambua sauti ya mwito huo: ni AMP ya duara, molekuli inayosambaa majini. Ameba inapima upande ambao molekuli hizo ni nyingi zaidi, inaenda huko. Ni swali lile lile la mwiba wa Messina!

Mwaka 1998 Carole Parent, Peter Devreotes na wenzao, kule Baltimore, walichukua protini inayopenda kushika PIP3, wakaifunga pamoja na protini ya kijani ya medusa, yule mnyama wa bahari laini kama ute. Wakaweka ameba mbele ya chanzo cha AMP ya duara. Rangi ya kijani ikakusanyika upande mmoja tu wa utando: ule unaotazama chanzo. Mwaka 2000 kikundi cha Henry Bourne, San Francisco, kikaona jambo hilo katika seli zinazofanana na chembe nyeupe zetu. Mwaka 2002 vikundi viwili vikakamilisha picha: enzimi inayotundika fosfati ya tatu, PI3K, inaenda mbele, ile inayoiondoa, PTEN, inakaa pembeni na nyuma. Mbele kunatundikwa vitambaa, nyuma vinaanguliwa. Seli imejichorea ramani juu ya ngozi yake.

Wengi wakasema: tumepata dira ya seli, ni PIP3, kazi imekwisha.

Hapana. Mwaka 2007, kule Cambridge, Oliver Hoeller na Robert Kay walitengeneza ameba ambayo haina hata moja ya PI3K zake tano za aina hiyo, na tena haina PTEN. Hakuna ramani ya PIP3 tena. Wakaiweka mbele ya AMP ya duara. Ameba ikatembea, ikafika. Mwendo wake ulikuwa na kasoro, lakini njia iliijua.

Kuko mtu anaweza kusema: basi yote ya mbele yalikuwa bure. Mimi sioni hivyo. PIP3 inaongeza nguvu ya mwendo, inasaidia upindo wa mbele ukae mahali pake, lakini haiko peke yake. Kuko njia zingine zinazopeleka habari ile ile. Na tena nyuzi zenyewe zinarudisha habari kwa mafuta: aktini ikijengwa mbele, inasaidia PIP3 izaliwe zaidi hapo hapo. Ni mazungumzo ya pande mbili. Aliyetafuta mkubwa mmoja anayetoa amri kwa seli nzima, hakumpata. Na mimi naamini hii njo faida kubwa ya historia hii kwa msomi kijana: watu wawili walithubutu kuondoa kabisa kile ambacho dunia nzima ilikuwa inakisifu, ili waone kama kitu kitaanguka. Hakikuanguka, na wakaandika hivyo.

GOMA, 1994

Sasa mtaniuliza: haya yote yanatuhusu nini sisi?

Mwezi wa saba mwaka 1994, wakimbizi mamia ya maelfu kutoka Rwanda waliingia Goma kwa siku chache tu. Kwanza kikaja kipindupindu, kisha kuhara damu. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1995 ulikadiria kwamba karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Wazazi wetu wa Kivu wanakumbuka.

Mdudu wa kuhara damu ule ni Shigella, jina alilopewa kwa heshima ya Kiyoshi Shiga, Mjapani aliyemtambua katika mlipuko wa mwaka 1897. Karibu miaka mia moja watu walijua anaua, lakini hawakujua namna anavyopita toka seli moja ya utumbo mpaka ingine bila kukamatwa na walinzi. Mwaka 1989 wachunguzi, akiwemo Philippe Sansonetti wa taasisi ya Pasteur, Paris, walieleza protini yake inayoitwa IcsA. Leo tunajua vizuri zaidi: mdudu anaiweka IcsA upande mmoja wa mwili wake, nayo inaikamata N-WASP yetu na kuiamsha bila kungoja saini mbili. Arp2/3 inakuja, kichaka cha aktini kinakua nyuma ya mdudu kama mkia, kinamsukuma mpaka ndani ya seli jirani. Hatoki nje hata kidogo. Mafundi ni wetu, nyuzi ni zetu, safari ni yake.

Na mafuta? Mwaka 2002 ikaonekana kwamba, mbele ya kuingia, Shigella anachoma ndani ya seli enzimi inayoitwa IpgD, ambayo inaondoa fosfati moja katika PIP2. PIP2 ikipungua, utando unaachana na nyuzi zilizo chini yake, unalegea, unakunjamana, unamfunika mdudu na kumwingiza. Mwizi huyu hakuvunja mlango. Alifungua vifungo vilivyoshikilia hema chini.

Sisemi kwamba habari ya nyuzi ingeokoa watu wa Goma. Kilichokosekana pale kilikuwa maji safi, vyoo, na dawa zinazofaa, juu mdudu yule alikuwa ameshazoea dawa nyingi za kawaida. Lakini kuhara damu bado kuko, na kila mwaka mdudu anazoea dawa zingine. Siku moja tutalazimika kumzuia kwa kumfungia njia, si kwa kumtilia sumu tu. Siku hiyo, anayejua mafuta na nyuzi atakuwa na la kusema.

Kansa pia inasimulia historia hii. PTEN ile ile inayokaa nyuma ya ameba ilikuwa imetambuliwa mwaka 1997 kama jeni linalopotea katika uvimbe wa ubongo, wa matiti na wa tezi dume. Mwaka 1998 Tomohiko Maehama na Jack Dixon walionyesha kazi yake: kuondoa fosfati ya tatu katika PIP3. Ikipotea, vitambaa vinabaki vimetundikwa, na seli inaendelea kusikia « kua », hata pale inapotakiwa itulie. Mwaka 2019 Marekani ilikubali alpelisibu, dawa inayozuia PI3K, kwa aina fulani ya kansa ya matiti. Toka kongosho la njiwa mwaka 1953 mpaka kidonge cha mwaka 2019 ni miaka 66. Nasema hivi kwa wale wanaouliza kila siku utafiti wa ameba unaleta chakula gani nyumbani.

SAMAKI WA JIONI

Mtasema labo zetu hazina vyombo. Ni kweli, protini ya kijani na kamera zake ni ghali. Lakini kuko jambo moja ambalo wataalamu wa mwendo wa seli wanafanya mpaka leo na ambalo halitaki pesa nyingi. Ngozi ya samaki ina seli zinazoitwa keratosaiti, ni katika seli zinazotembea kwa kasi kuliko nyingi, na zimechunguzwa sana katika samaki wa familia moja na tilapia. Unachukua gamba la samaki mzima, aliyetoka majini sasa hivi. Unaliweka juu ya kioo safi katika maji ya chumvi ya Ringer yaliyopimwa kwa samaki, unalifunika kwa kioo kingine chepesi ili lisikauke, unaliacha kwa joto la kawaida la chumba. Baada ya saa kadhaa, ama kesho yake, seli zinatoka chini ya gamba na kutambaa juu ya kioo, kila moja ina umbo la mwezi mwandamo, upindo mpana mbele, tumbo nyuma. Mikroskopu yenye kontrasti ya fazi ndiyo bora.

Kama asistanti wa TP angekubali kuacha saa mbili za kuchora maduara, kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza Bukavu, Kisangani ama Lubumbashi angeweza kuona kwa macho yake kile ambacho Abercrombie alikiona. Angepima: mikromita ngapi kwa dakika? Ikigeuka, upindo unaanza upande gani? Ukipunguza joto, nini kinabadilika? Hayo ni maswali ya kweli, na daftari moja linatosha kuyaanza.

Wakati huo, tunapoandika neno « utando » pembeni ya duara, naomba tuongeze mistari miwili kwa wanafunzi wetu. Wa kwanza: mafuta haya si ukuta, yanaongea. Wa pili: nyuzi zilizo chini yake zinayasikia, na zinayajibu.